Barua ya wazi kwa viongozi wa Carifta: 42.58 ilipotelea mikononi mwenu

Kwa viongozi wa NACAC, shirikisho linalosimamia riadha ya Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibi. Kwa vyama vya riadha vya nchi na visiwa vyote vinavyopeleka vijana Carifta, mashindano ya riadha ya vijana wa Karibi ya kila Pasaka. Na kwa kamati yoyote itakayopewa uenyeji kuanzia sasa.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Nairobi. Pengine ofisini kwenu hakuna anayesoma Kiswahili, lakini watafsiri hawakosekani siku hizi, na jambo ninaloliandikia, rekodi ya wasichana wa Jamaika iliyopotea kwenye Carifta ya 2022, lina mguu mmoja huku kwetu.

Mnaikumbuka Agosti 2021. Mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 20 yaliletwa Kasarani, yakiwa yamecheleweshwa mwaka mzima na korona. Mashabiki walifungiwa milango, kwa hiyo sisi wakazi wa jiji hilihili tuliyatazama kwenye televisheni kama watu walioko ng'ambo. Siku ya mwisho Serena Cole, Tina Clayton, Kerrica Hill na Tia Clayton wa Jamaika walikimbia mita 100 mara nne kwa sekunde 42.94. Rekodi ya dunia ya umri wao, 43.27, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 2017, na wasichana wale waliipiku kwa sekunde 0.33. Karatasi zilikwenda zinakotakiwa kwenda, vipimo vikafanyika, rekodi ikaidhinishwa. Kwa muda rekodi ya dunia ikawa na anwani ya Nairobi, nasi wapenzi wa mbio tukajivunia, ingawa hakuna Mkenya hata mmoja aliyekigusa kile kijiti.

Pasaka ya 2022 Carifta ikarudi baada ya kukosekana 2020 na 2021. Mwenyeji alikuwa Jamaika, uwanja ni ule wa taifa mjini Kingston. Jamaika ikawapanga Serena Cole, Tina Clayton, Brianna Lyston na Tia Clayton. Saa ikasimama kwenye 42.58. Hapo hapakuwa na kuchungulia picha ya mwisho wa mbio kutafuta nani kashinda. Walikuwa wameishusha rekodi ya Kasarani kwa sekunde 0.36, mbele ya watu wao, wakiwa bado wanafunzi wa sekondari. Sisi huku tuliopoteza anwani yetu tulisema, haya, kama kuna mtu wa kutunyang'anya, basi ni hao hao.

Kumbe hawakutunyang'anya chochote. Rekodi haikuidhinishwa, kwa sababu vipimo vya dawa za kusisimua misuli vinavyodaiwa na kanuni havikufanyika. Kanuni zenyewe si siri wala si mpya: anayevunja rekodi ya dunia lazima apimwe baada ya shindano, na kwenye mbio za kupokezana vijiti lazima wapimwe wote wanne. Bila hivyo hakuna ombi linalopokelewa, hata kama dunia nzima iliona mbio.

Agosti mwaka huohuo, Cali, Kolombia, kikosi kilekile cha Nairobi kikarudi uwanjani: Cole, Tina, Hill, Tia. Wakakimbia 42.59. Hiyo ndiyo iliyoandikwa kitabuni. Kwa maneno mengine, aliyefungua orodha ya rekodi za vijana baada ya hapo alikuta muda ulio nyuma, kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde, ya muda uliokimbiwa Kingston miezi minne kabla. Kwa kasi ya wasichana wale, sehemu moja ya mia ya sekunde haifiki sentimita kumi. Nusu shubiri hivi.

Watu wengi walipofika hapo walisema mambo yamejirekebisha, rekodi imerudi Jamaika, tuendelee. Mimi nawaomba mhesabu majina badala ya sekunde. Cole yumo. Tina yumo. Tia yumo. Hill, ambaye hakukimbia ile fainali ya Kingston, yumo. Asiyekuwemo ni Brianna Lyston.

Lyston hakukosea kitu. Hakuanguka, hakutoka kwenye mstari, hakukiachia kijiti, hakutoka kwenye eneo la kukabidhiana. Alipokea, akazunguka kona, akakabidhi. Katika mbio hizi mguu wa tatu ndio usio na shukrani: anayeanza hupigwa picha akiwa ameinama, anayemaliza hupigwa picha mikono ikiwa juu, huyu wa kona ya pili anafanya kazi mara mbili, kupokea na kukabidhi, tena akiwa anavutwa nje na mzunguko. Kazi hiyo msichana wa miaka 17 aliimaliza inavyotakiwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya watu wazima.

Na kuna jambo jingine ambalo ninyi mnalijua kuliko mimi. Cole na mapacha wa Clayton walikuwa wa shule ya Edwin Allen. Lyston na Hill walikuwa wa Hydel. Wanaofuatilia Champs, yale mashindano ya shule za sekondari za Jamaika, wanajua shule hizo mbili zinapokutana uwanjani hali inakuwaje. Walikuwa wametoka Champs siku chache tu zilizopita, wakigombania pointi kama maadui, kwenye uwanja huohuo. Kisha wakavalishwa fulana moja, wakaambiwa wapeane kijiti kwa kasi ambayo ukisita kwa nusu hatua umekwisha. Wakapeana. Ningekuwa mwalimu wa michezo ningewaonyesha wanafunzi wangu mkanda huo kabla sijawafundisha chochote kuhusu kukabidhiana.

Siwaandikii ili niwafundishe historia yenu. Mnajua kwamba Austin Sealy, akiwa rais wa chama cha riadha cha Barbados, ndiye aliyeyaanzisha mashindano haya mwaka 1972 pale Bridgetown, wakati ule umoja wa biashara huria uliowapa jina ulipokuwa njiani kugeuka CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi. Umoja wa biashara ulikufa, jina likabaki kwa watoto wanaokimbia. Mimi naona hiyo ni bahati nzuri kuliko zote zilizowahi kuupata mkataba wa biashara. Lakini jina hilo sasa limekuwa kubwa kuliko mlivyozoea kulibeba, na mfano uko kwenu wenyewe.

Aprili 2004 Carifta ilikuwa Hamilton, Bermuda. Kisiwa chenye watu wasiofika laki moja. Usain Bolt, akiwa na miaka 17, alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.93, upepo ukiwa mita 1.4 kwa sekunde, ndani ya kiwango kinachokubalika. Akawa kijana wa kwanza wa umri wake duniani kushuka chini ya sekunde 20. Rekodi ile iliidhinishwa, ikakaa miaka 17, mpaka Erriyon Knighton wa Marekani alipoiondoa mwaka 2021. Fikirieni ingekuwaje kama Pasaka ile ya Hamilton mtu mmoja angesahau kuandaa chumba cha vipimo. Bolt angekuwa Bolt bado, sawa. Ila ile miaka 17 ambayo kila kijana wa mita 200 duniani alikuwa akiitazama namba 19.93 ikiwa na neno Hamilton pembeni yake isingekuwepo.

Ndiyo maana sikubali hoja ya kwamba ninyi ni visiwa vidogo, fedha hazitoshi, mtusamehe. Bermuda iliweza 2004. Mwaka 2022 mlikuwa Kingston, mji ambao tume ya taifa ya kupambana na dawa hizo, JADCO, ina makao yake humohumo. Waswahili husema penye miti hapana wajenzi, na sijawahi kuona methali ikikaa mahali pake kama hapa.

Najua pia utetezi wa pili: hawa ni watoto, Carifta ni ya kujifunza, tusiwatishe kwa vikombe vya mkojo. Hoja hii ina uzito, tena ndiyo pekee ninayoiheshimu. Nani asiyejua chumba kile kilivyo? Msichana anavuka mstari, kabla hajakumbatiana na wenzake anafikiwa na mama mwenye kitambulisho shingoni anayemwambia kuanzia sasa nitakuwa nawe. Anaweka sahihi. Wenzake wanapiga picha na bendera, yeye anafuatwa hatua kwa hatua. Anaingia chumba chenye viti vya plastiki na maji ya chupa zilizofungwa. Anaambiwa achague mwenyewe kikombe, achague mwenyewe kisanduku cha chupa mbili, A na B, ahakikishe namba zinafanana. Kisha anatakiwa atoe mililita 90, mtu akimwangalia. Kama ametokwa jasho jua lote la Kingston, mililita 90 hazitoki kwa amri. Anakunywa maji, anakaa. Anakunywa tena. Saa inapita. Basi la timu linapiga honi nje. Kwa mtu wa miaka 16 anayekutana na hayo mara ya kwanza, ni jambo la kuogofya hasa.

Lakini hofu hiyo dawa yake si kulifuta zoezi. Kanuni zinaruhusu kijana asindikizwe na mtu mzima wake. Basi kila timu iwe na mtu mmoja, mama au dada mkubwa, ambaye kazi yake wiki nzima ni hiyo tu, na awaonyeshe watoto vile vifaa wakiwa bado hotelini, wavishike, wacheke, waulize maswali ya aibu. Mtoto aliyekwishakuona chupa A na chupa B akiwa na wenzake hatatetemeka siku ya siku. Na atakayefika mbali atakutana nazo maisha yake yote. Tina Clayton, yuleyule wa Kasarani, alichukua medali ya fedha ya mita 100 kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa, Tokyo 2025. Chumba cha vipimo kwake leo ni sehemu ya kazi, kama kufunga kamba za viatu.

Tena mna mfano wa kwenu unaoonyesha kwamba mtoto asiyefundishwa ndiye anayeumia. Briana Williams alipewa tuzo ya Austin Sealy, ile ya mwanariadha bora wa Carifta, mwaka 2018 na tena 2019. Katikati ya 2019, akiwa na miaka 17, sampuli yake kutoka mashindano ya taifa ya Jamaika ilikutwa na kemikali iliyopigwa marufuku, ikaelezwa kuwa ilitoka kwenye dawa ya mafua iliyochafuliwa. Jopo lilimpa onyo bila kumfungia. Hata hivyo hakukimbia mashindano ya dunia ya Doha mwaka ule. Dawa ya mafua! Hebu semeni ni mzazi gani wa Karibi au wa Kariakoo anayejua kwamba vidonge vya mafua vinaweza kubeba kemikali iliyopigwa marufuku. Yule binti alirudi, na Olimpiki ya Tokyo akaanza mbio za kupokezana zilizoipa Jamaika dhahabu. Siyo kila mtoto ana moyo huo, wala wakili huyo.

Mtaniuliza, wewe Mkenya, unapata wapi ujasiri wa kutuambia habari za vipimo? Swali zuri. Napata kwetu nyumbani. Mwaka 2016 shirika la dunia la kupambana na dawa hizo lilitangaza kwamba nchi yetu haijatimiza kanuni. Mwaka 2022, tukiwa tunachungulia ukingo wa kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili kazi ya vipimo na elimu ifanyike sawasawa. Katikati ya hayo majina yameanguka, mengine makubwa sana. Na gharama yenyewe haiko kwenye hizo dola. Siku hizi msichana wa Iten akishinda mbio za nyika za shule, kuna jirani atakayeuliza kwa sauti ya chini kameza nini. Hajameza kitu, ameamka saa kumi na moja alfajiri miaka mitatu mfululizo. Lakini jibu lake ni nini kama hana karatasi? Pufya, kama tunavyoziita dawa hizo, imetufundisha huku kwamba kipimo humnasa mwizi, ndiyo, ila kazi yake kubwa zaidi ni kumpa asiye mwizi kitu cha kuonyesha.

Wasichana wenu wa Kingston hakuna aliyewatuhumu. Hata hivyo mliwaacha bila hiyo karatasi, na huko mbele, Mungu apishe mbali, anaweza kutokea mtu wa mitandaoni atakayeandika kwamba 42.58 ilikataliwa kwa sababu ya dawa. Atakuwa amesema uongo kwa kutumia maneno ya kweli. Huo ndio mlango mliouacha wazi.

Ninachoomba si kikubwa. Uenyeji wa Carifta usitolewe kwa nchi yoyote bila mkataba unaotaja nani atapima, wangapi watapimwa, na sampuli zitasafirishwa na nani mpaka maabara inayotambulika. Msiliache jambo hili kwa hisani ya mwenyeji. Mna shirika la pamoja la kanda lenye makao Barbados, mna JADCO, mna uzoefu wa nusu karne. Pasaka nayo haiji ghafla. Tarehe zake zinajulikana miaka na miaka mbele, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtafuta mpimaji wiki ya mwisho. Kupima vijana wanne ni gharama ndogo mno mbele ya tiketi za ndege za kikosi cha kisiwa kimoja, na kila mtu anajua ilivyo aghali kuruka kutoka kisiwa hadi kisiwa kwenu, wakati mwingine kwa kupitia Miami kwanza. Mkishapata fedha za kuwafikisha watoto uwanjani, mkikosa za kupokea walichokifanya, mtakuwa mmelipa nauli ya bure.

Halafu mtangaze. Kabla ya kila Carifta, toeni taarifa ya ukurasa mmoja: vipimo vipo, vifaa vya kupima muda vimekaguliwa, rekodi ikivunjwa hapa itaidhinishika. Makocha wasome, wazazi wasome, nasi huku tusome. Kama kuna mliyokwishayarekebisha tangu 2022, yasibaki kwenye mafaili, kwa sababu kosa lilitokea hadharani.

Sitaki kusahau wadogo. Rekodi hii ilikuwa ya Jamaika, nchi yenye sauti. Ilipokataliwa, dunia ilisikia. Je, ingekuwa ya mtoto wa Montserrat au wa Dominica? Kirani James wa Grenada alipita kwenye Carifta kabla hajaipatia nchi yake medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki, dhahabu ya mita 400, London 2012, kwa sekunde 43.94. Uwanja wa St. George's leo una jina lake, na Carifta imekwisha kufanyika ndani yake. Mtoto wa namna hiyo akifanya maajabu kwenye mashindano yenu, pengine hiyo ndiyo siku pekee mwaka mzima anayokimbia mbele ya saa ya kuaminika. Hana Cali ya kwenda kurudia miezi minne baadaye.

Na la mwisho linamhusu Lyston. Mwaka 2024 alishinda mita 60 za ndani za vyuo vikuu vya Marekani akiwa na LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, kwa hiyo hahitaji huruma ya mtu yeyote, yangu ikiwa ya kwanza kukataliwa. Kama aliombwa radhi ofisini, aombwe na uwanjani, yeye na wenzake watatu, kipaza sauti kikiwa wazi. Na kwenye kijitabu cha ratiba cha Carifta ijayo, ukurasa wa mbio za kupokezana za wasichana wa chini ya miaka 20, chapeni 42.58 na majina manne, Cole, Clayton, Lyston, Clayton, kisha chini yake mwandike kwa herufi zinazosomeka ni kwa nini muda huo haumo kwenye orodha ya dunia, na uzembe ulikuwa wa nani.

Nasubiri majibu yenu. Kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiholanzi au Kipapiamento, tutatafuta wa kututafsiria.

Wenu,
Mpenzi wa mbio fupi katika nchi ya mbio ndefu,
Nairobi